Dahalia Isiwe ya Kulala Tu

Kila muhula unapofunguliwa, mazungumzo yetu juu ya dahalia ni yale yale: nani kapata chumba, maji yanatoka saa ngapi, bumu litatosha au tukapange mtaani. Nadra kumsikia mtu akiuliza suali la pili: ukishapata kitanda, unakaa na nani, na mnafanya nini pamoja? Kwa sisi tunaosomea ualimu, naona suali hilo ndilo kubwa.

Mimi natoka Mkokotoni. Ukisoma Tunguu huku unakaa nyumbani, unapanda gari mpaka mjini, unapanda nyengine mpaka chuoni, na jioni unarudi vivyo hivyo. Kwa hiyo kitanda sikidharau. Lakini kitanda kinakuondolea safari tu. Anayekufundisha ni mtu wa kitanda cha pili.

Ualimu, jamani, hausomwi kwa madesa peke yake. Andalio la somo linataka mtu wa kulisikiliza akwambie, "Hapa wanafunzi watakuacha." Saa tatu za usiku utampata wapi, ikiwa jirani mmoja anasomea uhasibu na mwengine kompyuta, na wote wana mitihani yao?

Sasa chukua ghorofa moja ya dahalia, wanawake kwao na wanaume kwao, wakae wanaosomea ualimu wa mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho. Aliyerudi juzi kwenye mazoezi ya kufundisha awe mlango wa pili na yule anayekwenda muhula ujao. Kila Jumatano usiku mmoja asimame afundishe dakika ishirini, wengine wawe wanafunzi, tena wale watundu. Mhadhiri apite mara moja kwa mwezi.

Wazo hili si geni. Mwaka 1927, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, Alexander Meiklejohn alianzisha chuo cha majaribio ambacho wanafunzi wake waliishi pamoja na kusoma mada moja mwaka mzima. Mwaka wa kwanza ilikuwa Athens ya kale. Kilifungwa 1932, lakini vyuo vingi vya huko hadi leo vina nyumba za namna hiyo. Na kwetu pwani, Riyadha ya Lamu, aliyoiasisi Habib Saleh, ina zaidi ya miaka mia moja ikipokea wanafunzi wa mbali wanaoishi na kusoma hapo hapo. Hata wageni wanaokuja SUZA kujifunza Kiswahili, wengi hukaa na familia za mjini, maana lugha hufundishwa na sinia la chakula pia. Kama kwa wageni tunalijua hilo, kwa nini kwetu wenyewe tulisahau?

Wapo watakaosema tutazalisha makundi. Makundi tunayo tayari: wa Pemba huku, wa Unguja kule, wa Bara pale. Ghorofa inayokusanya watu kwa kazi yao inawachanganya hao wote. Asiyetaka asilazimishwe. Wala hakuna jengo jipya la kujenga. Kinachobadilika ni orodha ya vyumba.

Tena jambo hili lisiishie chuoni. Wakati wa mazoezi tunatawanyika, kila mmoja na lake. Serikali ya wanafunzi ikae na uongozi, ikodiwe nyumba moja Mkokotoni kwa wanaopangiwa skuli za Kaskazini, pamoja na za Tumbatu ambako mtu huvuka kwa boti. Asubuhi watawanyike, usiku wakutane. Somo la aljebra lililomshinda mmoja Tumbatu leo, mwenzake wa Mkokotoni atalipanga vyengine kesho. Mwalimu mchanga akiachwa peke yake na darasa lililomshinda, anayeumia ni mtoto wa watu.

Tuanze na ghorofa moja. Kwenye fomu ya kuombea chumba uongezwe mstari mmoja tu: ungependa kujifunza nini na wenzako mtakaokaa pamoja?