Kwanza Jabali, Kisha Bwawa

Kila panapotajwa bwawa jipya, mkutano hupiga makofi kwanza, na maswali huja nyuma. Sisi tufanyao kazi ya chama twalijua jambo hili, maana mara nyingi makofi hayo tumeyaomba wenyewe. Akitokea mzee akauliza kama ardhi ile itayashika maji, huambiwa anarudisha maendeleo nyuma. Twasema wazi: mzee huyo hakukosea.

Ukuta wa bwawa haushiki maji peke yake. Jabali la chini na vilima vya kando navyo huyashika. Jabali lenye nyufa huvujisha, na maji yavujayo yakianza kubeba udongo, hata kidogo kidogo, hutoboa tundu, na tundu hilo huula ukuta kutoka ndani.

Tazameni yaliyotokea Marekani, katika jimbo la Idaho, penye Mto Teton. Wenyewe hawakukosa fedha wala mainjinia. Waliinua ukuta wa udongo wa mita 93 juu ya jabali la volkano lenye nyufa tele. Nyufa kubwa zilionekana kazi ikiendelea. Wakasindilia saruji, lakini si zote zilizozibwa sawasawa. Na udongo walioujaza katika handaki la msingi ulikuwa laini, ule uletwao na upepo, mwepesi kuchukuliwa na maji.

Mwaka 1976 bwawa lilikuwa likijazwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi ya tarehe 5 Juni maji ya tope yalitoka ubavuni. Makatapila mawili yakapelekwa kusukuma udongo kuziba tundu. Yakamezwa yote mawili, madereva wakaponea chupuchupu. Ilipofika saa sita mchana ukuta umekwisha vunjika. Watu 11 walikufa, na ng'ombe kwa maelfu. Bwawa lile halikujengwa tena.

Huko Iraki, bwawa la Mosul lilijengwa juu ya jasi, jiwe liyeyukalo majini. Tangu miaka ya 1980 husindiliwa saruji chini yake ili lisimame. Hilo si bwawa, ni mgonjwa wa sindano.

Tutaambiwa kwamba kutoboa mashimo ya kupima jabali kwala fedha na kupoteza miezi. Ni kweli. Lakini wanaoishi chini ya ukuta ndio watakaolipa ikiwa miezi hiyo itaokolewa.

Basi, ndugu wanachama, kila tawi lenye bonde lililotajwa kwa bwawa na liulize: mashimo mangapi yametobolewa, na ya kina gani? Maji yaliyoshindiliwa humo yalipotea kiasi gani? Maji ya ardhini husimama wapi masika, na wapi kiangazi? Waulizwe pia akina mama wachotao maji, maana wao wazijua chemchemi zisizokauka. Taarifa hiyo isomwe mkutanoni, kwa Kiswahili, kabla nyumba ya kwanza haijahamishwa.