Ilani ya Dalali Iandikwe kwa Kiswahili

Tangu Mahakama ya Madai Madogo ilipofunguliwa Milimani, Nairobi, mwezi wa Aprili 2021, tumesikia sifa nyingi za wepesi wake. Dai lisilozidi shilingi 1,000,000 huamuliwa katika muda wa siku 60, na mwananchi anaweza kujitetea pasi na wakili. Sifa hizo inazistahili. Lakini hukumu si pesa. Muuza mbao aliyemshinda mteja mkaidi hutoka mahakamani na karatasi, na mteja asipolipa, si kazi ya hakimu kumfuata nyumbani. Mshindi mwenyewe ndiye anayepaswa kuomba waranti ya kukamata mali na kumkabidhi dalali. Hukumu hiyo huweza kutekelezwa kwa muda wa miaka 12, na wapo ambao miaka hiyo huwapita hivi hivi.

Watu wengi wamchukia dalali, na magazeti hayaishiwi na habari za milango iliyovunjwa na makochi yaliyotupwa barabarani. Mimi si miongoni mwa wanaotaka kazi hii ifutwe. Dawa ya deni ni kulipa, na asiyetaka kuinywa kwa hiari hana budi kunyweshwa. La sivyo muuza mbao wetu atafilisika ilhali mdaiwa anaezekea nyumba kwa mbao zizo hizo. Ninalolilalamikia ni dogo kuliko hilo, ingawa naamini ndilo chanzo cha sehemu kubwa ya fujo: karatasi anayoileta dalali huwa imeandikwa kwa Kiingereza.

Sheria ya Madalali ya 1996 na kanuni zake za 1997 hazimruhusu mtu kuvamia boma la mwenziwe kwa lori. Ziara ya kwanza ya dalali si ya kubeba chochote. Huja kuorodhesha mali, akaandika hali na thamani ya kila kitu, kisha mwenye mali au mtu mzima aliyepo akatia sahihi. Humwachia mdaiwa ilani ya siku saba ambamo aweza kulipa na kuikomboa mali yake. Siku hizo zikipita ndipo hurudi kuichukua, na hata baada ya hapo mnada haupigwi mpaka utangazwe gazetini na siku saba nyingine zipite. Akihofia kwamba itambidi avunje mlango, sharti airejee mahakama ili asaidiwe na polisi.

Aidha, kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kimetaja vitu visivyoguswa: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mkewe na wanawe, pamoja na zana anazohitaji katika kazi yake. Mkulima huachiwa mifugo ya shilingi 10,000 za kwanza, kiasi ambacho siku hizi hakinunui ndama wa maana, lakini hilo tuliache.

Sasa tumchukue fundi wa kushona nguo katika soko la Kongowea, Mombasa, aliyesoma hadi darasa la saba na ambaye Kiswahili chake ni kitamu kuliko changu. Ananyooshewa kurasa mbili tatu za Kiingereza cha mawakili, na kitu cha kwanza katika orodha ni cherehani yake. Anaambiwa atie sahihi. Fundi mmoja atatia, asijue kwamba cherehani ni zana ya kazi isiyopasa kuorodheshwa. Mwingine atakataa katakata akiamini kwamba bila sahihi yake hakuna liwezalo kufanyika; kumbe dalali huthibitisha tu kwa maandishi kwamba mwenyeji amekataa, na siku saba zikaanza kuhesabiwa. Hajui kwamba angeweza kuiomba mahakama alipe kwa awamu. Hajui kwamba ikiwa friji ni ya mkewe, mke ana haki ya kuweka pingamizi. Hajui kwamba gharama za dalali zinaongezwa juu ya deni. Siku ya nane lori linapofika, kwake huo ni wizi wa mchana. Hupiga mayowe, na majirani huja na mawe.

Sisi tunaofundisha isimu huwaambia wanafunzi kwamba tendo la kumwarifu mtu halikamiliki mpaka huyo aliyearifiwa aelewe. Neno dalali lenyewe limetokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kuonyesha, shina lilo hilo lililotupa dalili. Dalali wetu wa leo hamwonyeshi mdaiwa lolote.

Wapo watakaosema Kiswahili hakina istilahi za sheria. Hoja hii imechakaa. Mdai, mdaiwa, rufani, pingamizi, dhamana, mnada: yapi yanayokosekana? Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inakiruhusu katika mahakama za chini. Jirani zetu wa Tanzania walibadilisha sheria mwaka wa 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zao.

Hoja yenye uzito ni nyingine: kwamba mdaiwa akielewa mno atazitumia siku saba kuficha mali. Wako wa hivyo. Ila tazameni ni akina nani. Yule aliyeandikisha gari kwa jina la shemeji, au anayejipatia amri ya kusimamisha utekelezaji saa chache kabla ya mnada, huyo ana wakili, na Kiingereza anacho. Lugha ya ilani haimzuii. Inamzuia fundi.

Fomu za madalali zimo katika kanuni, si katika sheria yenyewe, kwa hivyo kuzirekebisha hakuhitaji mswada mpya. Ukurasa mmoja wa Kiswahili watosha: deni ni kiasi gani, gharama za dalali ni ngapi, siku ya saba ni tarehe gani, ni vitu gani visivyokamatwa, na ni afisi ipi ya mahakama ya kuendea kuomba awamu au kuweka pingamizi. Muuza mbao naye apewe nakala, maana aghalabu haelewi ni kwa nini dalali wake hajarudi na pesa juma la kwanza.