Kuomba Masomo ya Utawala: Kijana Ajiulize Nini Kwanza?



Mwezi huu nimeonelea niseme juu ya jambo lililoletwa barazani pangu na kijana mmoja niliyemsomesha Juzuu Amma tangu hajaota meno ya pili. Jambo lenyewe huwapata vijana wengi siku hizi, na wazee wao hukaa kimya kwa kudhani kwamba si lao. Nalo ni kuomba nafasi ya kusomea shahada ya pili katika utawala wa umma, yaani ile elimu ya kujua jinsi mambo ya watu wengi yanavyoamuliwa, yanavyogharimiwa na yanavyosimamiwa. Mimi mwenyewe elimu yangu ya skuli iliishia darasa la saba. Lakini mzee asiyejua kusoma barua aweza kujua kama barua ile ni ya kweli.

Kijana huyo alikuja baada ya sala ya alasiri, na upepo wa hapa Gairo ukivuma kama ilivyo desturi yake. Ana shahada ya kwanza, naye ni mtendaji wa kijiji kimoja cha huku kwetu Ukaguru. Baada ya salamu akasema, "Maalim, nataka kusoma zaidi, nami nimekuja kwako kwa mambo manne." La kwanza lilikuwa dua. La pili, niisikilize barua yake ya maombi, ambayo aliinunua steshenari ikiwa imekwisha andikwa. La tatu, nitie sahihi katika fomu yake kama mdhamini. La nne, nikamtie moyo baba yake, kwa kuwa mzee alikwisha pata mtu wa kununua shamba la ekari tatu ili ada ilipwe, na sasa moyo wake ulikuwa unasitasita.

Dua nikamwombea pale pale. Yale matatu nikayakataa, naye akanuna.

Kabla sijaeleza kwa nini, napenda wasomaji wajue kwamba masomo haya si mageni katika mkoa wetu. Mzumbe, iliyo chini ya milima ya Uluguru kandokando ya njia ya kwenda Iringa, ilianza mwaka 1953, zama za Waingereza, kuwa skuli ya kuwafundisha machifu na makarani wa serikali za wenyeji. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu. Hivyo mahali palipokuwa pa mtoto wa chifu, leo mtoto wa mkulima wa mahindi wa Gairo aweza kupeleka maombi. Kwa upande wa pili wa barabara yetu kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, na asiyeweza kuacha kazi anacho Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992. Na Gairo yenyewe ilikatwa kutoka Kilosa ikawa wilaya mwaka 2012. Wilaya changa yahitaji watu wanaojua kazi.

Sasa nirudi kwenye barua. Ilikuwa ya Kiingereza, nikamtaka anifasirie. Ilisema kwamba yeye ana ari kubwa ya kuitumikia jamii, kwamba tangu utoto alipenda uongozi, na kwamba chuo anachokiomba ni bora kuliko vyote. Nikamwuliza, "Kijiji chako kimetajwa wapi?" Akapekua, hakikutajwa. Nikamwuliza tena, "Na mtu mwingine akiinunua barua hii kesho, atabadili nini?" Akainamisha kichwa akasema, "Jina tu, Maalim."

Wasomaji wangu, barua inayomfaa kila mtu haimfai mtu yeyote. Na tena ni uwongo, maana chini yake mtu hutia sahihi kwamba maneno ni yake. Je, anayetaka kwenda kujifunza kuhifadhi mali ya umma, aanze safari yake kwa maneno ya kununua?

Twasoma katika Sura Yusuf, aya ya 55, jinsi Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alivyomwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi. Hakutaja kwamba anapenda cheo. Alitaja sifa mbili: kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi, na kwamba ni mwenye kujua. Na kabla ya ombi hilo alikwisha eleza habari ya miaka saba ya neema na miaka saba ya dhiki, na namna nafaka itakavyowekwa akiba. Basi hapo pana mambo matatu: shida inayojulikana, njia ya kuikabili, na mtu wa kuaminiwa. Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, alitutahadharisha na kuvitamani vyeo. Lakini anayeomba ujuzi wa kubeba mzigo alioukwisha uona si sawa na anayeomba kiti ambacho hajui kimewekwa kwa kazi gani.

Nikamwambia kijana, "Weka barua hiyo chini. Nieleze kwa Kiswahili, tangu ulipoanza kazi kijijini, ni jambo gani limekunyima usingizi?"

Akanyamaza kitambo. Kisha akaanza kueleza habari ya kisima. Katika kijiji chake kuna kisima cha pampu, na huku kwetu kila mtu ajua thamani ya maji matamu. Wanawake walikuwa wakitoa fedha kwa kila ndoo. Siku pampu ilipoharibika, fedha za kuitengeneza hazikuonekana. Hapana aliyethubutu kusema zimeibwa, wala hapana aliyeweza kuonyesha zilikokwenda, kwa sababu hazikuandikwa. Akina mama wakarudi kufukua mchanga mtoni. Yeye alipofika akafungua daftari, na hesabu ikasomwa mbele ya mkutano wa kijiji, ambao kwa sheria ya mwaka 1982 wapasa kukutana kila miezi mitatu. Baada ya miezi kadhaa pampu ikatengenezwa.

"Walakini, Maalim," akasema, "kijiji cha jirani kina kisima kama kile kile na sheria ile ile, na kisima chao kimekufa. Mwaka 2019 ikaundwa RUWASA isimamie maji ya vijijini, na vyombo vya watumiaji maji vikawekwa. Pengine mambo yametengenea, pengine hayakutengenea. Mimi nataka kujua: kwa nini sheria moja huzaa maji hapa, na pale huzaa vumbi?"

Nikamwambia, "Mwanangu, barua yako ndiyo hiyo."

Na kweli ndiyo hiyo. Wanaochagua wanafunzi wa shahada ya pili wanataka kuona kama mwombaji analo swali, na kama swali hilo limetoka katika kazi aliyoifanya. Masomo yenyewe ni utungaji wa sera, bajeti na fedha za umma, usimamizi wa watumishi, takwimu, na njia za utafiti. Huchukua kwa kawaida mwaka mmoja na nusu mpaka miwili, na mwisho mwanafunzi huandika tasnifu juu ya jambo alilolichunguza mwenyewe. Aliyekwenda na swali lake huwa amekwisha anza tasnifu kabla ya kufika. Aliyekwenda na barua ya kununua, mwisho wake hutafuta na tasnifu ya kununua, na akirudi ofisini huweka hesabu za kununua. Uovu una ngazi zake, na mtu huzipanda moja moja.

Ama lile la udhamini, nililikataa kwa kuwa mdhamini ni shahidi, na shahidi husema alichokiona. Mimi najua kwamba kijana huyu alikuwa haibi kalamu za wenzake, na kwamba akikosea aya hukubali kusahihishwa. Hayo ni mambo makubwa, lakini chuo hakiniulizi hayo. Kwa kawaida chuo hutaka watu wawili wanaoijua kazi yake ya masomo au ya ofisi. Nikampeleka kwa mwalimu aliyemsimamia chuoni na kwa mkuu wake wa kazi, nikamwambia awaombe mapema, awapelekee na maelezo ya anachotaka kukisomea, asiwaendee siku mbili kabla ya mlango kufungwa. Kadhalika akusanye vyeti vyake vyote na orodha ya alama zake. Vyuo vyetu kwa kawaida humtaka mwombaji awe na shahada ya kwanza ya daraja la pili, nalo kwa hesabu yao huanzia wastani wa 2.7 kati ya 5. Aliye chini ya hapo aulize kama yafaa kupitia kwanza stashahada ya uzamili. Na mtumishi wa serikali asiende bila ruhusa ya maandishi ya mwajiri wake, asije akapata cheti akakosa kazi.

Sasa nije kwenye shamba, ambalo ndilo zito.

Jioni ile tulikwenda pamoja kwa baba yake. Mzee akanikaribisha, akasema, "Maalim, mimi sikusoma. Sitaki mwanangu aje aseme nilimzuia." Nikamwuliza shamba lile linalisha watu wangapi. Akahesabu: yeye, mkewe, mabinti wawili walio skuli, na mama yake mkongwe. Nikasema, "Mzee mwenzangu, watu watano wanakula humo, nawe wataka kuwauzia chakula chao ili wa sita asome jinsi ya kuwatendea watu haki?" Mzee akacheka, lakini machozi yalimlengalenga. Nikajua kwamba alikuwa akingoja mtu wa kumruhusu kukataa.

Kijana akasema, "Basi nitaomba mkopo." Hapo tukafanya hesabu. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, hukopesha hasa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Wa shahada ya pili wanaopata ni wachache wa makundi maalumu, kwa hiyo asiitegemee. Naye mwenyewe bado analipa mkopo wa zamani, na tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016 mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ni kweli kwamba ile nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyowatia wasiwasi Waislamu wengi, iliondolewa mwaka 2021. Lakini deni ni deni. Mwenye deni moja asikimbilie la pili kabla hajatazama milango mingine.

Milango ipo. Upo ufadhili wa Chevening wa Serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1983, unaolipia shahada ya pili ya mwaka mmoja huko kwao. Humtaka mwombaji awe amefanya kazi kiasi cha miaka miwili, na akimaliza arudi nchini kwake kwa muda usiopungua miaka miwili. Wanaoomba ni wengi na wanaopata ni wachache, lakini kuomba hakuuzi shamba. Upo pia mfuko wa mafunzo wa mwajiri, ikiwa jina lake limeingizwa katika mpango mapema. Na upo mlango wa subira: kuweka akiba mwaka mmoja, kisha kusoma huku akifanya kazi. Tulikubaliana juu ya mlango huu wa mwisho, na huku akiibisha ile mingine. Shamba halikuuzwa.

Kabla sijafunga, nina jambo la kukiri. Miaka mingi iliyopita binti mmoja wa madrasa yangu, mwenye akili kuliko wavulana wote wa darasa lake, aliniuliza kama anaweza kusomea utawala. Nikamjibu kwamba hiyo ni kazi ya wanaume, na baba yake akalishika neno langu kuliko nilivyostahili. Hakwenda. Baadaye nikajua kwamba Mzumbe hiyo hiyo alisoma Bi Samia Suluhu Hassan wa Zanzibar. Alianza kazi kama karani baada ya skuli ya sekondari, akapata stashahada ya juu ya utawala wa umma mwaka 1986, akaenda kusoma zaidi Manchester, na mwezi wa Machi mwaka 2021 akaapishwa kuwa Rais wa Tanzania. Sisemi kwamba kila binti atakuwa Rais. Nasema kwamba mimi nilifunga mlango usiokuwa wangu. Wazee wenzangu, msifanye kama nilivyofanya.

Basi kijana anayetaka kuomba masomo haya ajiulize mambo matatu kabla hajagusa kalamu. Ni shida gani ya watu niliyoiona kwa macho yangu? Ni nani anayenijua kwa haki atakayenishuhudia? Na ada yangu itatoka wapi bila ya kumdhulumu aliye nyumbani? Akiweza kuyajibu haya kwa Kiswahili mbele ya baba na mama yake, Kiingereza chake kitapata cha kusema.

Kijana wetu ameiandika barua yake upya, na kisima kimo ndani. Ameipeleka. Hadi ninapoandika haya majibu hayajafika. Lakini wiki iliyopita alinijulisha kwamba ameombwa na mtendaji wa kijiji cha jirani amwonyeshe jinsi ya kuweka lile daftari, na wamekwisha anza.

Wallahu aalam. Wassalaam.