Gita, Jina na Bei

Mtu atokaye Nairobi kwa barabara kuu ya Thika, akiisha kupita Githurai, huingia Kahawa Wendani. Zamani nchi hii ilikuwa ya mashamba ya kahawa. Leo ni ya nyumba za ghorofa, maduka na makanisa. Jumapili asubuhi sauti ya magita ya umeme husikika kutoka kanisa hata kanisa. Jumamosi usiku ndugu za magita hayo hulia mabaani katika mugithi, muziki uitwao kwa neno la Kikuyu lenye maana ya garimoshi, ambao mtu mmoja na gita lake aghalabu hutosha kuwa bendi nzima. Basi gita si kitu cha anasa kwetu. Ni chombo cha ibada, cha furaha na cha riziki, na kila chombo cha riziki kina haki ya kufikiriwa vema kabla ya kununuliwa.

Dukani magita yamekaa katika madaraja matatu. Chini kabisa ni gita la bei nafuu kupita yote. Juu kabisa ni gita la Marekani lenye jina kubwa, kama Fender au Gibson. Katikati yao kuna gita linalowasumbua watu akili: lile la bei ya juu litokalo katika chapa ya jina dogo. Squier ni chapa ya pili ya Fender; Epiphone imekuwa chini ya Gibson tangu mwaka 1957; Cort ni ya Korea Kusini. Kila moja ya chapa hizi huuza magita ya bei ya chini, na kila moja pia huuza mengine yenye bei mara mbili au mara tatu ya hayo. Swali ni hili: je, gita la bei ya juu lenye jina dogo lastahili fedha zake?

Watu wa namna mbili hujibu kwamba halistahili, na majibu yao hayapatani. Wa kwanza husema, "Gita ni gita. Mradi lalia, nunua la rahisi." Wa pili husema, "Ukiwa na fedha za kununua jina dogo kwa bei kubwa, ngoja uongeze, ununue jina kubwa." Mimi nasema wote wawili wamekosea, na kosa lao limewagharimu vijana wengi fedha, na wengine limewagharimu kitu chenye thamani kuliko fedha.

Nitaanza na mwabudu jina. Yeye, kama ni mkazi wa Kahawa, ana hatia kubwa zaidi, maana jina la mtaa wake lingetosha kumfundisha. Kahawa ya Kiambu na Murang'a huchumwa kwa mikono ya watu wetu, huoshwa, hukaushwa na kuchambuliwa kwa ukubwa wa punje. Huko Ruiru ndiko wataalamu walikotoa mwaka 1985 aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyokusudiwa kustahimili magonjwa. Kahawa hiyo husafirishwa ng'ambo, hutiwa katika mikebe yenye majina ya watu wengine, na huuzwa kwa bei ambayo mkulima haijui wala haioni. Punje ni ile ile. Kilichoongezeka ni jina. Mtoto wa mkulima wa kahawa ajuaye habari hii, kisha akaenda dukani kulipa mshahara wa miezi kadhaa kwa ajili ya neno lililoandikwa kichwani mwa gita, amesahau somo ambalo wazazi wake walililipia kwa jasho.

Ataniambia kwamba jina ni dhamana ya ubora. Na tuitazame historia. Kampuni ya Fender ilinunuliwa mwaka 1965 na CBS, kampuni kubwa ya redio na televisheni ya Marekani, ikakaa mikononi mwake hadi mwaka 1985. Wapigaji wengi hushuhudia kwamba katika miaka hiyo ubora wa magita ulishuka, ingawa jina lililoandikwa kichwani halikubadilika hata herufi moja. Mwaka 1982, katika kipindi hicho hicho, jina la Squier lilianza kutiwa katika magita yaliyoundwa Japani ili yauzwe kwa bei ya chini. Magita hayo ya Kijapani yakasifiwa sana, na hata leo watu wanaokusanya magita ya zamani huyatafuta. Jina dogo lilibeba kazi nzuri wakati jina kubwa likilaumiwa.

Siku hizi mambo yamezidi kuwa hivyo. Mbao hukatwa kwa mashine ziongozwazo na kompyuta, na mashine haijui kama gita lililo mbele yake litapewa jina dogo au kubwa. Cort, iliyo na viwanda vyake Indonesia, imepata kuunda magita ya majina mengine, kama Ibanez na Squier. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme gita la chini ni shilingi 15,000, la kati 45,000 na la juu 180,000. Kutoka la kwanza hata la pili, fedha iliyoongezeka hununua kazi inayoonekana kwa macho na kusikika kwa masikio. Kutoka la pili hata la tatu, kazi huongezeka kidogo, na jina huongezeka sana. Tena kodi ya ongezeko la thamani, ambayo hapa Kenya ni asilimia 16, hutozwa juu ya bei yote. Kwa hiyo anayenunua jina hulipa na kodi ya jina.

Sasa nimgeukie yule wa kwanza, asemaye kwamba gita ni gita. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Na gita nalo limeundwa. Shingoni mwake mna freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyokingama, na mahali pa kila freti pamewekwa kwa hesabu. Uzi wa gita la aina ya Fender una urefu wa milimita 648 hivi kutoka kidaraja cha kichwani hadi daraja la tumboni. Freti ya kumi na mbili lazima iwe katikati, penye milimita 324, kwa kuwa uzi uliogawanywa nusu hutoa sauti ile ile ya mwanzo, ila imepanda oktava moja. Kutoka kidaraja cha juu hadi freti ya kwanza ni milimita 36 na kidogo. Kutoka ya kumi na mbili hadi ya kumi na tatu ni milimita 18 tu. Kwa hiyo kosa dogo ambalo karibu na kichwa halisikiki, huku juu karibu na tumbo huwa kosa maradufu.

Na huku juu ndiko muziki wetu unakokaa. Benga, iliyozaliwa katika nchi ya Wajaluo na kutangazwa na watu kama Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, huiga katika gita mlio wa nyatiti, chombo cha kale chenye nyuzi nane. Wakikuyu nao, akina Joseph Kamaru, wakaipokea wakaifanya yao. Gita la kuongoza katika benga hupanda juu ya shingo, hukimbia, hujibizana na mwimbaji. Mtu apigaye nyimbo za kawaida karibu na kichwa cha gita aweza kuishi na chombo kibaya kwa miaka asijue. Mpiga benga ataaibika katika ubeti wa kwanza.

Si freti peke yake. Vigingi vya kukazia nyuzi vikiwa vya madini laini, huteleza, na gita lililolinganishwa kabla ya wimbo halilingani tena wimbo ukiisha. Chini ya nyuzi mna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika huivuruga nguvu ya sumaku, na umeme mdogo huzaliwa katika waya, kwa kanuni ile ile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831 nanyi mkaisoma katika fizikia. Koili ikizungushwa kwa uzembe na isipokingwa vema, hukusanya pia uvumi wa umeme wa nyumbani, na kanisa zima husikia nyuki kabla ya kusikia wimbo. Haya ndiyo yanayotengenezwa kwa ile fedha ya nyongeza katika gita la kati.

Hapa naomba ruhusa niseme habari yangu. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilinunua gita la umeme la bei ya chini kabisa katika duka moja la mjini. Nyuzi zilikuwa zimeinuka mbali na shingo, hivi kwamba kila nilipozibonyeza zilivutika, na sauti ikapanda kupita ilipotakiwa. Sikujua hayo. Nilijua tu kwamba kila nilichopiga kilikwenda kombo. Miaka miwili niliamini kwamba sikio langu ni bovu, na kwamba Mungu aliyewapa wengine muziki amenipa mimi chaki. Siku moja mwenzangu aliniazima gita lake, la chapa ndogo lakini lililoundwa kwa uangalifu; nikapiga wimbo ule ule kwa vidole vile vile, ukatoka sawa. Sikufurahi. Nilikasirika kwa ajili ya miaka miwili iliyopotea. Ubaya wa chombo kibovu ni kwamba humdanganya mwanafunzi kuwa yeye ndiye mbovu. Mwenye ujuzi hulitambua gita bovu akaliweka kando. Asiyejua hujiweka kando mwenyewe.

Mtu atanitajia Franco Luambo wa Kongo, ambaye utotoni alijiundia gita la mkebe na waya akalipiga sokoni alikouza mama yake, kisha akawa bingwa mashuhuri wa Afrika. Habari hiyo ni ya kweli, nami naipenda. Lakini Franco hakudumu na mkebe. Alipopata gita la kweli alilishika. Tena mkebe haukumdanganya. Haukuwa na freti zinazojidai kuwa sahihi, na alipoukosoa alijua anakosoa mkebe. Gita baya la dukani hudai kuwa gita, na mtoto huliamini.

Hata hivyo sisemi kwamba kila shilingi ya nyongeza ni halali. Chapa ndogo nazo zimejifunza hila za chapa kubwa. Huchukua mwili ule ule wa bei ya chini, wakaupaka rangi ya machweo, wakatia vigingi vya rangi ya dhahabu, kisha bei ikapanda. Huko ni kuuza vazi, na mnunuzi asikubali. Kipimo changu ni kimoja: fedha iliyoongezwa imekwenda wapi? Piga uzi mtupu, kisha uubonyeze penye freti ya kumi na mbili uupige tena, usikie kama sauti hizo mbili zapatana. Tazama shingo kwa urefu wake kama fundi seremala atazamavyo ubao. Pitisha kidole pembeni mwa freti, uone kama zakukwaruza. Vuta nyuzi kwa nguvu, kisha usikie kama bado zinalingana. Liunge na kikuza sauti, ukae kimya, usikilize uvumi. Gita likifaulu majaribio haya, bei yake ni ya haki hata kama jina lake halijulikani. Likishindwa, liache hata kama limepambwa kama bibi arusi.

Limebaki shauri moja la mwabudu jina: kwamba kungoja ni hekima. Vijana wa kanisa moja hapa Wendani walichanga fedha kwa kuosha magari na kuuza mandazi, zikatosha kununua gita la kati. Mpigaji wao alikuwa msichana wa kidato cha tatu, mwenye vidole vyepesi kuliko vyangu. Katika mkutano mzee mmoja alitaka la rahisi, fedha nyingine zinunue viti. Kijana mmoja aliyetazama picha nyingi za magita akasema ni aibu kununua jina la pili, heri wangoje. Nilisema haya niliyoyaandika, lakini sikuyasema vizuri kama nilivyopaswa. Ikaamuliwa kungoja. Fedha zikaingia katika mambo mengine, kama ifanyavyo fedha inayongoja, na msichana yule akamaliza shule akaondoka mtaani kabla gita lolote halijanunuliwa.

Jina kubwa lingali dukani, na litakuwapo mwakani. Vidole vya miaka kumi na saba havitakuwapo mwakani. Nanyi msomao kitabu hiki, mtakapokuwa na fedha ndogo mliyoichuma kwa shida, iwe ya gita, ya baiskeli au ya cherehani, msimwogope anayewacheka kwa kutopata jina, wala msimfuate anayewaambia kila chombo ni sawa. Ulizeni kazi iko wapi, lipeni kazi hiyo kwa moyo mkunjufu, kisha mshike chombo mkianze leo.