Makofi Hayatengenezi Breki

Haupiti muda mrefu nchini Kenya kabla ya magazeti na runinga kutuletea habari za kijana, aghalabu wa mashambani, aliyeunda gari kwa mikono yake nyuma ya nyumba ya wazazi wake. Picha huwa ni ile ile. Kijana ameketi nyuma ya usukani, majirani wamemzunguka, mheshimiwa fulani amesimama kando akiahidi msaada, na mwandishi anamalizia kwa kuiomba serikali imwezeshe chipukizi huyo kufungua kiwanda. Juma moja baadaye habari hiyo huzikwa na nyingine, ahadi huyeyuka kama umande wa Nyamira jua linapopanda, na lile gari hubaki pale pale uani likinyeshewa, kuku wakitaga chini ya kiti chake.

Kwa maoni yangu, kosa halimo katika gari wala katika kijana. Limo katika swali tunalomwuliza. Tunamwuliza ataanza lini kuuza, ilhali tungepaswa kumwuliza breki zake amezijaribu vipi. Swali la kwanza humgeuza tajiri wa kiwanda kabla hajawa fundi. La pili humpa heshima anayoistahili, kwani ni swali ambalo fundi humwuliza fundi mwenzake.

Wenzetu wa Uingereza waliielewa tofauti hiyo mapema. Mwaka wa 1957 kampuni ya Lotus ilianza kuuza gari dogo lililoitwa Seven, nalo mtu aliweza kulinunua likiwa vipande, akaenda kuliunganisha mwenyewe nyumbani. Sababu kubwa ilikuwa kodi: gari lililokamilika lilitozwa kodi ya ununuzi, vipande havikutozwa. Kodi hiyo ilipoondolewa mwaka wa 1973 na nyingine kuchukua nafasi yake, ungedhani watu wangeacha kujisumbua. Hawakuacha. Kampuni ya Caterham iliichukua Seven mwaka huo huo na kuiendeleza, na hadi leo wapo karani na mwalimu wanaojifungia bandani jioni, mikono imejaa grisi. Hakuna anayewatarajia waishinde Ford. Wanatarajiwa tu kwamba gari lao likitoka bandani litakwenda likinyooka na litasimama likiamriwa.

Wala tusijidanganye kwamba mambo hayo ni mageni kwetu. Tangu miaka ya 1970, viwanda vya Thika, Mombasa na Nairobi vimekuwa vikipokea malori na magari yakiwa vipande ndani ya masanduku, vikiyaunganisha na kuyaingiza barabarani. Tofauti kati ya viwanda hivyo na kijana wa Nyamira ni kwamba vipande vinavyoletwa kiwandani vilikusudiwa kuoana tangu vilipochorwa. Vya kijana wetu vimetoka katika magari yasiyojuana hata kwa salamu.

Itakumbukwa pia kwamba mwaka wa 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Magari 5 ya majaribio yaliundwa, yakaitwa Nyayo Pioneer, na mwaka wa 1990 yakaonyeshwa hadharani. Yalifikia mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Shirika likaundwa la kuyatengeneza kwa wingi, fedha zikakosekana, na mradi ukafifia. Kilichosalia kikawa karakana ya kuchonga vipuri, Numerical Machining Complex. Wengi huutaja mradi huo kwa kicheko. Mimi sicheki. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na magari yale matano yalikwenda. Tulichokosa ni subira ya kuwauliza walioyaunda walijifunza nini, kisha kuwapa wanafunzi wa kuwafundisha. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Makerere walionyesha gari lao la umeme, Kiira EV, mwaka wa 2011. Lilikuwa la watu wawili tu, na wapo waliolidharau. Lakini kazi haikukomea hapo, na mwaka wa 2016 wakatoa basi la Kayoola linalosaidiwa na nguvu za jua.

Sasa tuingie uani mwa kijana wetu. Tuseme amemaliza kidato cha nne, anaishi karibu na Kebirigo, na anaponda mawe au kuchuma majani chai ili apate fedha za vyuma. Ananunua mabomba ya mraba, anakodi mashine ya kuchomelea, na katika wiki chache fremu imesimama. Hapo ndipo sifa huanza, na ndipo pia taabu huanza. Chuma kikipata moto hutanuka, kikipoa hujivuta. Fremu iliyokuwa sawa asubuhi huamka kesho yake imepinda kama mgongo wa mzee. Asipozipima zile pembe mbili za mshazari, kutoka kona hadi kona, hatajua. Na akizipima akakuta moja imeizidi nyingine kwa sentimita mbili, itambidi akate na kuanza upya. Mwalimu wa hisabati anayelalamika kwamba wanafunzi hawaoni faida ya Pythagoras angemleta darasa lake lote hapa.

Kisha usukani. Wengi hudhani kazi ni kuyaunganisha magurudumu mawili ya mbele kwa chuma kimoja, yakageuka pamoja. Lakini gari likikata kona, gurudumu la ndani huzunguka duara dogo kuliko la nje, hivyo sharti lipinde zaidi. Siri hiyo ilisajiliwa London na Rudolph Ackermann mwaka wa 1818, enzi za magari ya farasi. Asiyeijua ataona tairi zake zikilia na kulika kwenye kila kona, na atamlaumu aliyemwuzia tairi.

Kuna na udhia mdogo mdogo ambao hauingii katika picha za magazeti. Nati ya gari kuukuu la Kiingereza hupimwa kwa inchi, ya Kijapani kwa milimita. Spana ya 13 itaingia kwenye nati ya nusu inchi, itateleza, na kichwa cha nati kitakuwa mviringo kama jicho. Umeme hukatika mshono wa chuma ukiwa nusu. Mvua ya alasiri, ambayo huku kwetu haiombwi, hukuta bati halijapakwa rangi. Na mama mtu, ambaye hana neno na magari, anataka uwanja wake wa kuanikia mahindi.

Injini ndiyo huwatia watu wengi matumaini ya bure. Iliyo rahisi kupatikana ni ya pikipiki ya bodaboda, yenye ukubwa wa sentimita mchemraba 125 au 150. Ni injini hodari, lakini iliundwa kumsukuma mtu mmoja au wawili, si kuuvuta mzigo wa vyuma kuupanda ukingo wa Manga. Hupozwa na upepo unaoipiga ikiwa wazi. Ukiifungia ndani ya boneti, itachemka. Aghalabu haina gia ya kurudi nyuma, hivyo gari hugeuzwa kwa kusukumwa na watoto wa jirani. Na mnyororo wake ukizungusha ekseli nzima isiyo na difu, magurudumu ya nyuma hulazimishwa kwenda mwendo mmoja hata kwenye kona, na gari hukataa kupinda.

Ila kigumu kuliko vyote ni kipindi cha katikati. Gari limeshapata umbo, kila apitaye huuliza kwa nini haliendi, na kila kazi iliyobaki ni ile isiyoonekana: waya za taa, mirija ya breki, kamba ya klachi. Miezi hupita bila badiliko lolote machoni pa watu. Wengi huacha hapo, si kwa kukosa akili, bali kwa kuchoka kucheka pamoja na wanaowacheka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu huinama mvunguni mwa gari miaka miwili, mitatu.

Anayevuka kipindi hicho hupata ujira ambao sijui kama shule zetu zina namna ya kuupa alama. Siku injini inapowaka, hapana atakayemwambia ni kwa nini imewaka, anajua yeye. Anajua kwamba hewa ikiingia katika mirija ya breki kanyagio litazama bila breki kushika, kwa kuwa hewa husongeka na mafuta hayasongeki. Anajua kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, masafa ya kusimama huongezeka mara nne. Hayo yapo vitabuni, na wapo waliopata alama za juu kwa kuyaandika. Yeye ameyajua kwa goti na kiganja, na bodaboda zote za kijijini zitaletwa kwake kutengenezwa. Hata gari lake lisipofika sokoni kamwe, amepata kazi.

Hapa ndipo nawageukia walimu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, wazazi walihimizwa kujenga karakana kwa michango ya harambee ili watoto wafundishwe kazi za mikono. Karakana zilijengwa. Nyingi zikawa madarasa au maghala ya mahindi, kwa sababu randa na tupa hazikufuata, na mtihani ukabaki wa kuandika. Sasa tuna mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini mwaka wa 2019, nao unasifia vitendo kuliko ule wa kwanza. Lakini nani asiyejua kwamba kazi nyingi za mikono zinazopelekwa shuleni zimetengenezwa usiku na mama, huku mtoto amelala?

Shule moja ya sekondari katika Nyamira ikiwa na fremu moja, injini moja kuukuu na mwalimu mmoja asiyeogopa grisi, ingeweza kulijenga gari kwa miaka mitatu au minne, kila kidato kikiongeza lake na kukosoa la waliotangulia. Lisiwe la kupelekwa kwenye kongamano la sayansi, likapigwa picha na kurudishwa stoo. Liwe la kubeba kuni na maji ndani ya ua wa shule, ili likiharibika jikoni wapige kelele na lirekebishwe. Wanaosema hatuna fedha wanasema kweli, ila fedha za mabasi ya shule yenye jina ubavuni huwa tunazipata.

Yuko atakayenikatiza aseme kwamba magari haya ni hatari. Nakubaliana naye kabisa, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Sheria yetu ya Trafiki hairuhusu gari lisilosajiliwa kutumia barabara ya umma, na bima ni lazima. Sitaki kipengele hata kimoja kilegezwe. Ninachotaka ni mlango. Uingereza ina ukaguzi wa gari moja moja, ambapo mtu aliyeunda gari lake hulipeleka likapimwa breki, usukani, taa na mikanda, na likishindwa hupewa orodha ya makosa arudi kuyasahihisha. Ile orodha ndiyo mwalimu wake. Kwetu, kijana anayetoka uani na gari lake hukutana na mheshimiwa mwenye kamera au askari mwenye pingu, na hapati hata mmoja kati yao wa kumwambia kwamba fundo la usukani wake limelegea.

Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani ingeweza kutenga siku moja kila muhula katika kaunti, ikashirikiana na chuo cha ufundi kilicho karibu, magari ya aina hii yakaletwa yakivutwa, si yakiendeshwa, yakapimwa kwa ada ambayo mchuma chai anaweza kuilipa. Mengi yataanguka. Machache yatapewa ruhusa ya kwenda mwendo wa pole katika njia za mashambani. Bila siku kama hiyo, kijana atafanya anachofanya sasa: atasubiri giza liingie, atawapakia wadogo zake nyuma, na atalijaribu gari lake kwenye mteremko.