Walimnyang'anya Ged Rangi na Jina

Mpenzi wa kitabu hana haki ya kudai kwamba kitabu chake kisiguswe. Hadithi ikitolewa karatasini na kupelekwa kwenye televisheni haina budi kupunguzwa hapa na kuongezwa pale, maana jicho halisomi kama akili isomavyo, na saa tatu za picha haziwezi kubeba yote yaliyomo katika vitabu viwili. Hilo tunalikubali bila ubishi. Tusilolikubali ni jambo la namna nyingine kabisa: kuitwaa hadithi ya mtu, kuung'oa msingi wake, kisha kuileta mbele ya umma ikiwa ingali inaitwa kwa jina lile lile na kunasibishwa na mwandishi yule yule. Hivyo ndivyo ilivyofanyiwa Earthsea mwezi Desemba 2004. Miaka zaidi ya ishirini imepita, na sisi tulioipenda hadithi hiyo tangu ujanani bado hatujaona sababu ya kulinyamazia tendo hilo.

Kwa faida ya ndugu wasomaji wasioijua, Earthsea ni ulimwengu wa kubuni uliotungwa na mwandishi wa Kimarekani, marehemu Ursula K. Le Guin. Ni ulimwengu wa visiwa vingi na bahari baina yao. Kitabu cha kwanza, A Wizard of Earthsea, kilitoka mwaka 1968. The Tombs of Atuan kikafuata mwaka 1971, na The Farthest Shore mwaka 1972. Mwandishi alikaa miaka mingi kabla ya kurudi na Tehanu mwaka 1990, na vitabu viwili vya mwisho vikatoka mwaka 2001. Shujaa wake ni Ged, mtoto wa mfua shaba katika kisiwa cha Gont, aliyefiwa na mamaye kabla hajatimiza mwaka mmoja, akalelewa na mbuzi na upepo wa milimani, hata akapelekwa kisiwa cha Roke kusomeshwa elimu ya siri. Neno mchawi halimfai, kwani kwetu mchawi ni adui wa watu. Mganga nalo halimtoshi. Basi na tumwite mjuzi wa mambo ya ghaibu, tuendelee.

Msomaji wa pwani yetu akikifungua kitabu hicho hajioni mgeni. Mambo mengi humo yanatendeka baharini: tanga lililotiwa viraka, chombo kidogo kinachovuja, fundi wa mashua anayemhofia mwanawe, pepo zinazogeuka bila kumwuliza nahodha. Lakini siyo bahari peke yake iliyotuvuta. Kulikuwa na jambo jingine, nalo liliwekwa kwa hila njema sana.

Katika sura ya kwanza wanakuja maharamia kukiteketeza kijiji cha Ged. Watu hao, Wakarg, wameelezwa kuwa ni weupe wa ngozi na nywele zao ni za rangi ya manjano. Msomaji anapita hapo bila kusita. Anaendelea kumfuata kijana Ged, anapanda naye mlima, anavuka naye bahari, anafika naye shuleni Roke. Na huko ndiko anakoelezwa, kama kwamba ni jambo la kupita tu, kwamba Ged na wengi wa watu wa visiwa hivyo ni wekundu wa kahawia, na kwamba rafiki yake Vetch, atokaye visiwa vya mashariki, ni mweusi zaidi kuliko wao. Basi. Hakuna hotuba iliyotolewa wala kidole kilichonyooshwa. Mwandishi mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba alifanya hivyo kwa makusudi: alitaka msomaji kijana mweupe azoee kwanza kukaa ndani ya ngozi ya Ged, ndipo agundue kwamba ngozi hiyo si nyeupe.

Ikumbukwe kwamba hayo yaliandikwa Marekani mwaka 1968, mwaka ule ule alipouawa Martin Luther King. Hadithi za namna hiyo za Kizungu zilikuwa zikienda kwa desturi moja, yaani mashujaa weupe huku, na kule mbali, kusini au mashariki, makundi ya watu weusi yasiyo na majina. Le Guin aliipindua desturi hiyo bila ya kupiga kelele. Mimi nilipokisoma kitabu hicho, nikiwa mwanafunzi wa sekondari, nilipofika mahali pale nilirudi nyuma kurasa kadhaa kuhakikisha kwamba sikukosea. Sikukosea. Ged si Mwafrika, wala hatumdai awe wetu. Lakini ilitosha kwamba katika hadithi kubwa namna ile mlango haukufungwa mbele ya mtu wa rangi yangu.

Sasa tutazame walichokifanya watu wa televisheni. Ged alichezwa na kijana mweupe. Vetch, rafiki mwaminifu kuliko wote, naye akachezwa na mweupe. Takriban kila mtu mkubwa katika hadithi akafanywa mweupe, isipokuwa mzee Ogion, mwalimu wa kwanza wa Ged, aliyechezwa na Danny Glover. Na Tenar, msichana wa Kikarg, ambaye kitabuni ndiye mweupe hasa, yeye akapewa Kristin Kreuk, mwigizaji ambaye mamaye ana asili ya Kichina. Hatuna neno na waigizaji hao. Glover aliifanya kazi yake kwa heshima, na Kreuk hakujichagua mwenyewe. Lakini haiwezekani kusema kwamba walikosekana watu. Rangi ziligeuzwa juu chini, na zilipogeuzwa alibaki mzee mmoja mweusi mwenye busara, ambaye kazi yake ni kumfundisha kijana mweupe ili kijana mweupe ang'are. Mpango huo tumeuona katika filamu nyingi mno hata hatuhitaji kuelezwa unatoka wapi. Kwa Kiswahili cha siasa jina lake ni kasumba: mtu hata hakusudii kumdharau mwenzake, bali hawezi kuwaza kwamba shujaa anaweza kuwa na sura nyingine.

Wako watakaosema kwamba hayo ni manung'uniko ya bure, kwani Earthsea haiko duniani na watu wake hawajapata kuzaliwa. Hoja hiyo inajikata yenyewe. Ikiwa rangi ya mtu wa kubuni haina maana yo yote, basi ilikuwa rahisi kuiacha kama ilivyoandikwa. Walioibadili waliibadili kwa kuwa waliona ina maana, tena maana ya fedha: walimwogopa mtazamaji wao. Hofu hiyo haikuanzia kwao. Le Guin aliwahi kulalamika kwamba hata wachapaji wa vitabu walimchorea Ged mweupe kwenye majalada, naye ikambidi apigane nao toleo baada ya toleo.

Tukiacha rangi, liko jambo la jina, na hapo ndipo mpenzi wa hadithi hii anapojikuta anacheka kwa uchungu. Nguvu yote ya elimu ya Earthsea imo katika majina. Kila kitu kina jina lake la kweli, na alijuaye jina hilo anakimiliki kitu hicho. Kwa hiyo mtu hulificha jina lake la kweli, akawapa watu jina la kupanga. Ged ndilo jina la siri, alilopewa na Ogion alipotimiza miaka kumi na mitatu. Mbele za watu anaitwa Sparrowhawk, yaani kipanga. Kumwambia mtu jina lako la kweli ni kumkabidhi roho yako. Ndiyo maana pale Ged alipokuwa amevunjika moyo, na makovu usoni, wanafunzi wenzake wakimkwepa, na Vetch akaja akamtajia jina lake la kweli bila kuombwa, msomaji huhisi kwamba limetendeka jambo kubwa kuliko miujiza yote iliyotangulia.

Watu wa televisheni wakayageuza. Kwao kijana anaitwa Ged mchana kweupe, sokoni na njiani, na jina lake la siri likawa Sparrowhawk. Kosa hilo ni dogo kwa asiyesoma. Kwa aliyesoma ni sawa na kumwona mtu anasimamia ndoa bila kujua nani bwana arusi. Hapa kwetu hata mtoto angeliweza kuwasahihisha. Wazee wa pwani waliwapa watoto majina ya utotoni kabla ya majina yao ya ukubwani, na mpiga ramli, kabla hajatazama nyota ya mtu, huuliza kwanza jina la mtu huyo na jina la mamaye. Mwandishi wa makala haya hapigi ramli wala hamshauri mtu kwenda kupiga, lakini wazo kwamba jina ni mpini wa kumshikia mtu si geni kwetu.

Wala halikuwa geni nyumbani kwa akina Le Guin. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa mtaalamu wa mila za wenyeji wa asili wa California. Mwaka 1911 alijitokeza huko mtu mmoja, wa mwisho wa kabila la Yahi, ambaye watu wake wote walikwisha angamizwa. Akakaa katika jumba la makumbusho la chuo kikuu hadi alipofariki mwaka 1916. Kwa mila yake hakuweza kulitaja jina lake mwenyewe, na hakubaki hata mmoja wa kumtajia. Kroeber akamwita Ishi, maana yake mtu katika lugha ya jamaa zake. Jina lake la kweli alikwenda nalo kaburini. Mama yake Le Guin, Theodora Kroeber, ndiye aliyeandika habari za mtu huyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1961, miaka saba kabla ya Ged. Sidai kwamba hadithi ilitoka hapo moja kwa moja. Nasema tu kwamba mtu aliyekulia katika nyumba hiyo hakuyachezea majina, na waliomnunua hadithi yake waliyachezea.

Yaliyobaki nitayapitia upesi. Katika kitabu cha kwanza hakuna vita vikubwa wala mfalme mwovu wa kupigwa. Adui wa Ged ni kivuli alichokifungulia mlango yeye mwenyewe kwa kiburi cha ujana, na mwisho wa safari, mbali baharini mashariki, anakishinda kwa kukiita kwa jina lake mwenyewe. Televisheni ikaona hayo hayatoshi, ikaleta mfalme Tygath, mwenye majeshi na uchu wa kuishi milele. Katika kitabu cha pili, Tenar anachukuliwa kwa wazazi wake akiwa mtoto mdogo, ananyang'anywa jina na kufanywa mtumishi wa nguvu za giza chini ya ardhi. Hadithi nzima ni ya namna alivyopata kurudishiwa jina lake na kutoka gizani. Televisheni ikalifanya hekalu hilo kuwa gereza la mashetani, na makuhani wake kuwa walinzi wema. Utumwa wa mtoto yule ukaondoka, na pamoja nao ikaondoka sababu ya kitabu kuandikwa.

Mwongozaji wa kazi hiyo alinena hadharani kwamba wamekuwa waaminifu kwa vitabu, na akaeleza hata nia ya mwandishi. Bibi Le Guin alikuwa na umri wa miaka 75. Akajibu kwa maandishi, kwa maneno makali na yaliyopimwa, kwamba asisemewe nia yake na watu ambao hawakumwuliza. Akaeleza pia kwamba alikwisha uza haki za hadithi, kwamba alipewa cheo cha mshauri, na kwamba ushauri wake haukutakiwa. Hapa ndipo panapostahili kutazamwa na kila mwandishi wetu anayeota kuitwa na watu wa filamu. Cheo cha mshauri katika mkataba ni kama kiti cha wageni katika baraza: unakalishwa, unapewa kahawa, na shauri linakatwa chumba cha pili. Kama mkataba hausemi kwamba jambo fulani halibadiliki ila kwa idhini ya mtunzi, basi linabadilika. Mwandishi mwenye jina kubwa Marekani, aliyekwisha pata tuzo ya kitaifa mwaka 1973 kwa kitabu hicho cha tatu, hakuweza kuinusuru hata rangi ya shujaa wake. Mtunzi chipukizi wa Tanga au Lamu atawezaje, ikiwa hatasoma alichotia sahihi?

Kituo kilichoirusha hadithi hiyo kilibadili jina lake mwaka 2009, na kazi yenyewe haitajwi sana siku hizi ila na sisi tunaoilaumu. Vitabu vingali vikichapwa. Mwaka 2018 lilitoka buku moja kubwa lililokusanya hadithi zote za Earthsea, pamoja na picha za mchoraji Charles Vess, ambaye kwa miaka kadhaa alishauriana na mwandishi kuhusu sura za watu, nyumba na hata mazimwi. Le Guin alifariki tarehe 22 Januari mwaka huo, buku likiwa bado halijatoka. Humo Ged amechorwa kwa rangi aliyopewa mwaka 1968.