Songwe: Mto Usiokubali Kuwa Mstari

Mtu asimamaye darajani Kasumulu, wilayani Kyela, huona chini yake mto wa maji ya rangi ya udongo. Huo ndio Songwe, mpaka wa Tanzania na Malawi. (Usichanganywe na Songwe mwingine, umwagao maji yake Ziwa Rukwa, wanafunzi wengi hujikwaa hapo.)

Mpaka huo uliamuliwa Ulaya. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilipatana kwamba, kutoka Ziwa Nyasa, mstari uanzie mlangoni mwa Songwe na kuufuata mto kuelekea juu. Tume ya mataifa hayo mawili ilipofika kupima mwaka 1898, iliwakuta Wanyakyusa kaskazini na Wangonde kusini, watu walio karibu mno kwa lugha na asili. Kwao mto ulikuwa kivuko. Kwa waliochora ramani ulikuwa wino.

Kosa la wachoraji hao lilikuwa la kisayansi kabla ya kuwa la kisiasa. Kati ya milima ya Ileje na ya Misuku, Songwe umebanwa na mabonde membamba, nao hauna pa kwenda. Lakini ukishafika tambarare ya Kyela na Karonga, mwinamo hupungua, na mto huanza kujipinda. Kwenye kila pindo maji ya upande wa nje huenda kasi na kuula ukingo. Upande wa ndani hupoa na kutua mchanga. Hivyo pindo husogea kidogo kidogo. Kisha huja mafuriko ya masika, maji yakakata shingo ya pindo kwa mara moja, na shamba la mpunga lililokuwa ng'ambo hii likajikuta ng'ambo ile.

Sheria ya mataifa hutenganisha mambo hayo mawili. Mto ukisogea polepole, mpaka huufuata. Ukiruka ghafula, mpaka hubaki katika mkondo wa zamani. Ni kanuni ya busara, ila humdai mkulima ushahidi asio nao: nani aliyeandika mto ulipokuwa mwaka juzi?

Mwaka 2017 serikali hizo mbili zilitia saini mkataba wa kuunda Kamisheni ya Bonde la Mto Songwe, na mipango ya kuutuliza mto kwa mabwawa imekwisha chorwa. Ni mipango mizuri, lakini ni ya gharama kubwa. Kazi ya kuandika haihitaji kungoja mabwawa. Shule za sekondari za pande zote mbili zaweza kusimika vigingi mbali na ukingo, penye usalama, na kupima kwa kamba umbali wa kigingi hadi ukingoni kabla ya masika na baada yake. Vipimo viandikwe katika madaftari mawili yanayofanana, moja likae Kyela, la pili Karonga.